Akishafungwa pingu mgeuzeni ubavu, msimkalie mgongoni

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo limenikaa kifuani muda sasa. Mimi ni muuguzi mstaafu, nimefanya kazi wodini miaka thelathini na kitu, saivi nauza dagaa pale mwaloni Kirumba, soko la samaki kando ya ziwa hapa Mwanza, na nitakachoandika hapa nimekiona kwa macho yangu, sijahadithiwa na mtu.

Ilikuwa asubuhi, mitumbwi imeshaingia, watu wanagombania mzigo kama kawaida ya pale, mara nikasikia mwizi mwizi mwizi. Kijana mmoja mbeba mizigo, ambaye wengi wetu tunamjua kwa sura, anadaiwa kachukua simu ya mama mmoja mnunuzi, akakimbia, wakamkimbiza, wakaja kumdaka karibu kabisa na turubai langu. Bahati yake kulikuwa na askari wawili jirani, na nikisema bahati namaanisha, maana vijana wa pikipiki walishaanza kuokota mawe na sote tunajua "wananchi wenye hasira kali" wakianza inaishaje. Askari wakaingia katikati, wakawafukuza wale wa mawe, wakamchukua. Kwa hilo nawashukuru mpaka kesho.

Shida ilikuja baada ya hapo. Wakamlaza kifudifudi mchangani, mikono nyuma, pingu zikafungwa, nilizisikia kabisa zile meno zake zinavyolia zikibana. Yule askari mkubwa akaweka goti katikati ya mgongo, chini kidogo ya shingo, akaachia uzito wake wote hapo na ni mtu mwenye mwili, mwenzie kakandamiza miguu. Sasa kumbuka huyu mtoto ametoka kukimbia, anahema juu juu, na kifua kimebanwa chini na juu. Akaanza kutupatupa miguu. Askari akamwambia tulia, unaleta ubishi eh, akaongeza uzito. Kijana akasema "afande nakufa, pumzi", baadae akasema "mama", baadae akawa hasemi. Shavu moja limezama mchangani, mdomoni kuna mchanga na magamba ya samaki, na mimi nikaona midomo inapauka kama mtu kaipaka majivu. Hiyo rangi naijua, nimeiona wodini mara nyingi, ukiiona unakimbilia mtungi wa oksijeni.

Na nilinyamaza, Mhariri. Hapo ndo panaponiuma mpaka leo. Nilikuwa hatua nne tu kutoka pale, najua kabisa kinachoendelea, lakini mdomo ukawa mzito kwa sababu nilifikiria nikisema neno nitaambiwa namzuia askari kufanya kazi yake, nitapandishwa difenda na mimi, mtu mzima na wajukuu. Muuguzi anaogopa kumwambia askari kwamba mtu anakufa! Naomba mnaosoma mlishike hilo kwanza kabla hatujaenda mbele.

Aliyesema ni mzee mmoja mvuvi, mwenye mtumbwi wake. Hakupiga kelele, alisogea tu akasema, "Afande, huyo hakubishii, anatafuta hewa. Mgeuze ubavu, kama tunavyomgeuza mtu aliyetoka majini." Yule mkubwa akamwambia mzee kaa pembeni. Ila yule askari mdogo wa miguuni, kijana kabisa, sura bado ya chuoni, akamgusa mwenzie begani akasema "afande, tumgeuze". Wakamgeuza. Akakohoa, akatema mchanga, akatapika, kifua kikaanza kupanda na kushuka. Sikuangalia saa, lakini kwa hesabu yangu ilikuwa dakika mbili au tatu, na kwa mtu aliyekosa hewa hizo si dakika za kuchezea, ubongo ukikaa dakika nne mpaka sita bila oksijeni unaanza kuharibika na haurudi.

Kama aliiba au hakuiba hilo ni la mahakama, silisemei. Katiba yetu ya 1977 ibara ya 13 imeshamaliza kwamba mtu asihesabiwe mkosaji mpaka ithibitike, na ibara hiyohiyo inakataza mtu kuteswa au kutendewa kinyama.

Naomba nieleze kilichokuwa kinatokea ndani ya mwili wake, maana naamini askari wengi wanafanya hivi kwa kutokujua na sio kwa roho mbaya. Ili uvute pumzi vitu viwili lazima vitokee, mbavu zipanuke na ule msuli ulio chini ya mapafu ushuke kuelekea tumboni. Ukimlaza mtu kifudifudi tumbo linabanwa na ardhi, ule msuli unakosa pa kushukia. Ukimwekea goti mgongoni mbavu nazo zinakosa pa kupanukia. Ukimfunga mikono nyuma hawezi hata kujiinua kidogo apate nafasi. Juu ya hapo ametoka kukimbia au kupigana, misuli imejaa tindikali, mwili unadai hewa mara kadhaa ya ile ya kawaida ili uitoe, na wewe ndo umempunguzia. Sasa mwili ukikosa hewa haukai kimya, unapambana wenyewe bila hiari ya mtu, ndo hiyo mnayoiita ubishi. Anajinyonganyonga, anatupa miguu, anainua kiuno, nyie mnaongeza uzito, anapambana zaidi, mnaongeza tena. Halafu anatulia ghafla, na hapo askari anasema afadhali katulia. Jamani, mtu aliyekuwa anapambana akitulia ghafla namna hiyo ndo wakati wa kuruka juu umuangalie kama anapumua, sio wakati wa kufuta jasho.

Kuna lile neno nalichukia sana, "si anaongea, angekuwa hapumui angeongeaje". Wodini mgonjwa wa pumu aliyezidiwa anaongea, neno moja anameza mate, neno moja anameza mate, na ndo huyohuyo unayemkimbiza kwa daktari kwanza. Kutoa sauti kunahitaji hewa kidogo sana, kuishi kunahitaji nyingi. Na huyo unayemkalia humjui, huenda ana pumu, ana moyo mkubwa, amelewa, ana ugonjwa wa akili, amekula madawa, au ni mnene, tumbo likibanwa linasukuma mapafu juu, na kanda yetu hii ya ziwa selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu, ipo nyingi mno, nimewahudumia hao watoto miaka yote, chembe zao zikikosa oksijeni zinajikunja na kuziba mishipa. Hana kibandiko usoni kinachosema mimi mgonjwa. Kwahiyo dawa ni moja, kila mtu mchukulie kama anaweza kufa chini ya goti lako.

Na hili sio jambo geni duniani, wala si siri ya madaktari. Marekani wizara yao ya sheria ilitoa waraka mwaka 1995 kuhusu vifo vya ghafla vya watu waliolazwa kifudifudi, ikasema akishafungwa pingu tu mtoe tumboni. 1995! Miaka 25 baadae, Mei 25 mwaka 2020, mji wa Minneapolis, George Floyd akalazwa kifudifudi barabarani pingu zikiwa tayari mkononi, askari Derek Chauvin akamwekea goti shingoni zaidi ya dakika 9, akafa, wote tuliiona ile video kwenye simu zetu. Lakini kuna kitu kwenye ile kesi wengi hawakukishika na mimi ndo kinanikosesha usingizi. Pale walikuwa askari wanne, mmoja wao Thomas Lane alikuwa na siku ya nne tu kazini, na huyo mgeni aliuliza mara mbili kama wamgeuze ubavu. Mkubwa akakataa, akasema abaki hivyohivyo. Chauvin alikuwa na miaka 19 kazini na alikuwa miongoni mwa wanaofundisha askari wapya. Mkuu wake wa polisi akaja kusimama mahakamani kusema hatukumfundisha hivyo. Chauvin akafungwa miaka 22 na nusu, na wale watatu nao wakafungwa, hata huyo Lane aliyeuliza, kwa sababu aliuliza halafu akaishia hapo.

Niliposoma hiyo nikamkumbuka yule askari mdogo wa mwaloni. Tofauti ya kijana wetu na Lane ni kwamba mkubwa wake alikubali. Basi. Hicho ndo kilichomuokoa mtoto wa watu, bahati ya mkubwa kukubali, na maisha ya mtu hayawezi kutegemea kama afande kaamka vizuri.

New York nako tujifunze kitu. Polisi wa ule mji walipiga marufuku roba, kumkaba mtu shingo kwa mkono, tangu mwaka 1993. Julai 2014 Eric Garner akakabwa shingo na askari wa polisi hiyohiyo, akasema hapumui mara kumi na moja, akafa. Katazo lilikuwepo kwenye karatasi miaka 21. Kwahiyo mtu asije akaniambia mama sheria tunayo. Najua tunayo! Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inasema wazi aliyekamatwa asibanwe kuliko inavyohitajika ili asitoroke, na inasema aliye chini ya ulinzi atendewe kwa utu na heshima. Imeandikwa vizuri tu. Ila goti halisomi sheria, goti linafanya lile lililozoea, na mazoea yanatengenezwa kwenye mafunzo, mara mia, mpaka mwili ufanye wenyewe bila kufikiri kama vile askari anavyopiga saluti bila kufikiri.

Ndo maana ombi langu linaenda kwa wanaofundisha, Moshi kwenye shule ya polisi, Kidatu, pale Kurasini kwenye chuo, na kwa makamanda wa mikoa ambao wana askari waliomaliza depo miaka ishirini iliyopita na hawajarudi darasani. Fungeni kitu kimoja na kingine viwe kitendo kimoja: pingu, geuza, kalisha. Kabla pingu hazijafunga sawa, mtu anapambana, nguvu inatumika, naelewa, sijawahi kukamata jambazi lakini nimeshashika wagonjwa wa akili waliopandwa na hasira usiku, wauguzi wanne hatumuwezi mmoja, najua hofu ya pale ikoje. Lakini kile kitasa kikishalia "krr", kazi ya nguvu imeisha hapohapo, inayofuata ni kazi ya uangalizi. Ubavu, halafu kitako, miguu mbele. Mmoja anashika, mwingine anamuangalia usoni, anamwita jina, anaangalia kifua. Akisema hapumui muamini kwanza, mengine mtayajua baadae. Na msimpakie kwenye difenda kifudifudi chini ya mabuti mpaka kituoni, nimeona hiyo mara ngapi barabara ya Makongoro, mtu kalala kwenye bodi ya gari kama gunia la dagaa na askari sita wamekaa juu.

Mtu ataniambia akikalishwa atakimbia. Aende wapi, mikono iko nyuma, askari wawili wamemshika, na mwaloni mzima unamuangalia? Mtu mwenye pingu za nyuma ukimkalisha chini miguu imenyooshwa hata kusimama peke yake ni shughuli. Jaribu nyumbani uone.

Na la ukubwa na udogo. Askari mdogo afundishwe kwamba kumwambia mkubwa "afande tumgeuze" sio utovu wa nidhamu, ni wajibu wake, na mkubwa naye afundishwe kupokea hilo neno kama amri. Hili ni gumu kwa jeshi lolote najua, hata hospitali lilikuwa gumu, nesi mdogo kumwambia daktari bingwa dozi hiyo imezidi, lakini tulifundishana na watu wakapona.

Sitaki ionekane nawachukia polisi. Sisi wa Mwanza hatujasahau Oktoba 2012, Kamanda Barlow, RPC wetu mwenyewe, yaani kamanda wa polisi wa mkoa, alivyopigwa risasi usiku pale Kitangiri. Polisi nao ni watoto wa watu, wanatoka asubuhi hawajui kama watarudi, wanaishi kwenye nyumba ambazo zingine ni aibu kuziangalia, mshahara wenyewe tunaujua. Askari mwenye hofu na uchovu ndo anayekandamiza zaidi, kwahiyo ukimpa mbinu ya kumdhibiti mtu bila kumuua umemsaidia yeye kwanza. Huyu mkubwa wa mwaloni kama kijana angefia pale, yeye angekuwa gereza la Butimba sasa hivi na watoto wake wanarudishwa nyumbani kwa kukosa ada.

Sasa nije kwenye imani ya wananchi kwa polisi, maana hapa ndo sisi wa ziwani tunaumia kila siku. Wavuvi wanaibiwa mashine za boti usiku huko majini, wanavamiwa, wengine wanatupwa ziwani, kila mtu wa visiwani Ukerewe mpaka huku anajua. Wanaowajua wezi wapo, na wapo hapohapo mwaloni. Baada ya ile asubuhi, askari walipita kuuliza habari za mashine mbili zilizopotea, nikawaona watu wazima wanaojua kila kitu wanaangalia pembeni, wanasema hatujui afande. Mama mmoja jirani yangu nikamuuliza mbona hukusema, akanijibu, "Niseme halafu wakamkamate mtoto wa mtu wamkalie kama yule? Dhambi hiyo siibebi." Umeona sasa. Mtu anamlinda mwizi, kwa sababu adhabu ya kukamatwa anaiona kubwa kuliko kosa. Na mwingine akiona polisi hawaaminiki anaamua kumaliza mwenyewe kwa mawe na tairi. Yote mawili yanatoka kwenye shina moja, na tangu 2006 enzi za IGP Said Mwema tunaambiwa habari za polisi jamii, lakini hakuna semina ya polisi jamii itakayofuta kile watu walichokiona mchangani dakika tatu.

Sisi Wasukuma tulianzisha sungusungu miaka ya 1980 mwanzoni kwa sababu ya wezi wa ng'ombe, na mpaka leo mitaa mingi ina ulinzi shirikishi na kuna mgambo wa jiji wanaokamata machinga kila siku. Hao hawajapita Moshi. Hawana hata pingu, wanatumia kamba na roba. Kwahiyo haya mafunzo yasiishie polisi, polisi kata wayashushe mpaka kwa hao, saa moja tu kwenye ofisi ya mtaa inatosha kwa kuanzia.

Lingine fupi. Akifa mtu mikononi mwa polisi tunasikia "aliugua ghafla", basi imeisha. Tunayo Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980 inayotaka kifo cha aliye kizuizini kichunguzwe mbele ya hakimu. Itumike, kila mara, na majibu yasomwe hadharani hata kama yatamsafisha askari, hasa kama yatamsafisha. Na aliyeumia wakati wa kukamatwa asizungushwe PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa, na walewale waliomuumiza, hii nimeiona dirishani miaka yote, mgonjwa anavuja damu anaambiwa rudi ulete fomu. Tume ya haki jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Chande Othman ilishakabidhi ripoti Julai 2023, polisi wakiwa ndani ya hayo yaliyochunguzwa, tunaomba wakubwa watuambie kwa lugha yetu ya kawaida, kwenye hili la namna ya kumshika mtu, nini kimebadilika.

Kama wiki mbili baada ya tukio yule askari mdogo alikuja bandani kwangu, hana sare, akanunua dagaa kopo mbili. Akasimamasimama pale, nikajua ana neno. Akasema, "Mama, naskia wewe ulikuwa nesi. Lile la kumgeuza mtu linafanywaje vizuri, kama ni mzito kuliko mimi?" Nikamwita mjukuu wangu, nikamlaza juu ya turubai, nikamwonyesha. Mkono huku, goti la juu likunje, vuta nyonga sio bega, kichwa kifuate. Akajaribu mara ya kwanza akavuta bega, mjukuu akalalamika. Mara ya tatu akaweza. Akafanya tena na tena kama mara kumi, na watu walikuwa wamesimama wanamuangalia, wanamjua ni nani, hakuna aliyesema neno baya.

Kwahiyo Mhariri, kupitia gazeti lako namwambia Kamanda wa mkoa na wakuu wa vituo vya Nyamagana na Ilemela, mimi nipo mwaloni kila siku isipokuwa Jumapili. Sihitaji posho wala nauli. Wenzangu wastaafu wawili wamekubali tukaifanye pamoja, mmoja alikuwa chumba cha dharura. Mtupe nusu saa baada ya gwaride la asubuhi, askari kumi kumi, tutakuja na mikeka yetu.

Muuguzi mstaafu,
Kirumba, Mwanza